Kazi Kwanza, Uzi Baadaye: Hekima ya Kubadili Nyuzi za Krosheti Mbooni

Katika nyumba nyingi za Mbooni, kuanzia Kikima kwenye baridi ya vilele hadi Tawa na Kalawa, ambako nchi huteremka kuuelekea mto Athi na joto likazidi, mgeni huketi juu ya kiti kilichovikwa vitambaa vya krosheti, akaandaliwa chai juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha namna hiyo hiyo, na mtoto mchanga, akiletwa kuamkiwa, huwa amefunikwa shali iliyofumwa kwa kulabu na mama yake au nyanya yake. Kazi hiyo ni ya mkono hata leo, kwa kuwa mitambo ya viwanda, ambayo imeiga ufumaji wa namna nyingi, haijafaulu kuitoa krosheti ya kweli kwa biashara. Na kwa sababu hiyo kila kitambaa kinachoonekana sokoni, hata kiwe kidogo kiasi gani, kina ndani yake saa za mtu fulani, alizozitoa katika umri wake akazitia katika uzi.

Basi ni dhuluma kubwa saa hizo zikitiwa katika uzi usiozistahili. Fundi huwa na kielelezo mbele yake, kilichotoka kitabuni au kwa mwenzake aliyekaa mjini, nacho chataka pamba iliyong'arishwa ya namba 10, au sufu safi ya kondoo, akishuka dukani haukuti uzi huo, na mwenye duka, kwa nia njema, humwambia, "Mwaitu, chukua huu, ni ule ule, rangi tu ndiyo tofauti." Fundi huuchukua kwa kuwa hana mwingine, akaufuma kwa majuma kadhaa, na mwisho wa taabu yake akapata kitambaa kisichokaa bapa juu ya meza, au shali iliyolegea, au kofia iliyomtosha mtoto wa jirani badala ya wake.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kubadili uzi si aibu, wala si dalili ya ufukara. Ni elimu yenye kanuni zake, na nchi ya Ukambani imekuwa nayo tangu zamani. Na kanuni iliyo mama wa zote ni kuiuliza kwanza kazi inayokusudiwa, ndipo uzi uulizwe.

Urithi wa wafumaji

Wakamba, ambao masimulizi yao huitaja milima ya Mbooni kuwa makao yao ya kudumu ya kale, kabla ya jamaa zao wengine kuuvuka mto Athi na kuijaza nchi ya Kitui, walikuwa wafumaji hodari wa vyondo zamani sana kabla ya kulabu ya krosheti kufika huku. Kiondo hakifumwi kwa kulabu. Hufumwa kwa vidole, nyuzi mbili zikipishana na kuzikumbatia nyuzi za kusimama, mzunguko baada ya mzunguko, kutoka kitako hadi ukingo. Lakini mas'ala ya uzi ni yale yale. Bibi wa zamani alilitoa ganda la ndani la mbuyu, au la mti mwingine wa nyika, akalilainisha, akalisokota juu ya paja lake mpaka likawa uzi. Mbuyu nao ni mti wa nchi ya joto, haupendi baridi ya milimani; hivyo aliyekaa juu ilimpasa aombe nyuzi kwa jamaa wa chini, au aijue miti mingine ya kumfaa. Kubadili kulikuwa sehemu ya ufundi wenyewe.

Kisha ukaja mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mmea huo kutoka Florida, na katika hiyo yote ni 62 tu iliyosalimika na kufika hai katika pwani ya Tanga. Kutokana na mwanzo huo mdogo mkonge ulienea Tanganyika na baadaye Kenya, ukafika katika mashamba makubwa ya Kibwezi, kusini ya Makueni, na ukapandwa kuwa ua wa mashamba madogo kila pembe ya Ukambani. Wafumaji waliukuta mlangoni mwao. Waliulinganisha na mbuyu wakaona kwamba nguvu unayo, urefu unao, na rangi huinywa vizuri. Upungufu wake ni ukavu na ugumu wa kukunjika. Waliupokea kwa kiondo cha kubebea nafaka, kwa kuwa kazi hiyo yataka nguvu kuliko ulaini.

Krosheti yenyewe iliingia kwa njia ya misheni na madarasa ya kazi za nyumbani, na vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952, vilizidi kueneza ushonaji na ufumaji vijijini. Pamoja nayo zikaja nyuzi za dukani; na katika miaka ya 1970 na 1980, vyondo vilipotafutwa kwa hamu Ulaya na Marekani, wafumaji wengi walizitia nyuzi za akriliki katika vyondo vyao, kwa sababu zina rangi za kila namna na hazihitaji kusokotwa pajani. Kazi ikawa nyepesi, rangi zikapendeza. Lakini uzi huo hunyumbuka ukibebeshwa mzigo, huota vinyweleo kwa kusuguliwa, na mnunuzi aliyekuja kutafuta mmea wa Afrika hakuuona. Viwanda vya Asia ya Mashariki vilipoanza kutoa mifuko ya kuigiza, kiondo kilichoupoteza uzi wake wa asili kilikuwa kimepoteza na hoja moja kubwa ya kujitetea. Badala ile ilifaa kwa haraka ya mfumaji na kwa macho ya mnunuzi wa karibu. Haikuufaa mzigo wala soko la mbali. Uzi ni ule ule, hukumu zikawa mbili, maana kazi zilikuwa mbili.

Tabia za nyuzi

Pamba hunywa maji, hupoza mwili, hustahimili maji ya moto, na tena huwa na nguvu zaidi ikiwa imelowa kuliko ikiwa kavu. Kwa hiyo ndiyo inayofaa taulo, kitambaa cha kuoshea vyombo, blauzi ya kuvaliwa katika joto la Kalawa, na kishikio cha sufuria. Aibu yake ni kwamba ikinyumbuka hairudi upesi mahali pake, nayo ni nzito. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer aligundua kwamba pamba ikitiwa katika magadi makali ya viwandani huvimba na kuipokea rangi vizuri zaidi. Mwaka 1890 Horace Lowe akaongeza kwamba ikivutwa wakati ule ule hupata mng'ao. Hiyo ndiyo pamba iliyong'arishwa ambayo vielelezo vya vitambaa vya meza huitaka, kwa kuwa mishono yake husimama bayana na huupokea wanga vizuri. Anayeikosa aitafute pamba ya kawaida iliyosokotwa kwa kukaza: atapoteza mng'ao, atabaki na umbo. Anayetwaa akriliki mahali pake hupoteza vyote viwili, kwa sababu wanga haushiki vizuri juu yake na ukingo wa kitambaa huinuka na kujikunja.

Sufu ya kondoo huhifadhi joto, hunywa unyevu mwingi kabla ya mvaaji kuhisi ubichi, na hurudi katika umbo lake kila inapovutwa. Hofu yake ni maji ya moto pamoja na kusuguliwa, ambayo huifanya ijifungamanishe na kusinyaa hata kitu cha mtu mzima kikawa cha mtoto. Kwa kuwa sufu safi ni ghali na ni adimu madukani, badala yake ya kawaida ni akriliki, uzi uliobuniwa maabara na kutiwa sokoni na kampuni ya DuPont mwaka 1950 kwa jina la Orlon. Akriliki ni nyepesi, rahisi, ina joto, na huoshwa bila wasiwasi. Shali na kofia za baridi ya Juni na Julai huko Kikima huweza kufumwa nayo bila kujuta. Lakini kuna jambo moja ambalo kila mama na alijue: sufu haishiki moto upesi, ilhali akriliki huwaka kwa ukali, huyeyuka, na tone lake hung'ang'ania ngozi. Katika nyumba ambamo mtoto hutambaa karibu na mafiga, shali ya akriliki yenye matamvua marefu ni hatari, na kishikio cha sufuria cha akriliki ni hatari kwa mpishi mwenyewe. Hapa badala hairuhusiwi hata kidogo; ikikosekana pamba nene, heri nyuzi kadhaa nyembamba za pamba ziunganishwe pamoja.

Mkonge uliosokotwa vyema huweza kufumwa kwa kulabu nene, ukatoa mikoba, vikapu vya matunda na mikeka ya mlangoni. Haufai kuvaliwa, na mkono wa mfumaji huuchosha, kwa hiyo uloweshwe kidogo kabla ya kufumwa ili ukubali kukunjika. Nyuzi zinazofumuliwa katika magunia ya plastiki hazidhuriwi na maji, lakini jua huzila mpaka zikavunjika, basi na zisitumiwe kwa kitu kitakachoning'inia nje.

Unene, urefu na uzani

Baada ya kuijua asili ya uzi, fundi sharti aujue unene wake, na hapa namba huwapoteza wengi. Katika nyuzi za pamba za vitambaa, namba ikipanda uzi hupungua unene: namba 10 ni nene kuliko 20, na 20 ni nene kuliko 40. Katika nyuzi za sweta mambo aghalabu huwa kinyume, kwa sababu namba ni hesabu ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, nayo ikizidi unene nao kwa kawaida huzidi. Aliyezoea hesabu moja akaitumia kwa nyingine atarudi nyumbani na uzi mwingine kabisa.

Kosa lililo kubwa kuliko hilo ni kununua kwa gramu. Kielelezo hakifumwi kwa uzani, hufumwa kwa mita. Tuseme kielelezo cha shali chataka madonge 4 ya akriliki, kila moja gramu 50 na mita 150. Jumla ni gramu 200 na mita 600. Fundi aishiye Kalawa aona akriliki itamtoa jasho, akaamua kutumia pamba yenye unene ule ule. Lakini sentimita moja ya ujazo ya akriliki ina uzani wa gramu 1.17 hivi, na ya pamba gramu 1.54, kwa hiyo gramu 100 za pamba hiyo hazitampa mita 300 ila takriban mita 230. Akinunua gramu 200 kwa kuufuata uzani, atapata mita 460, na shali itamkatikia ikiwa imebaki mita 140. Kwa hakika amehitaji gramu 261, yaani madonge 6 ya gramu 50, kwa kuwa 5 hayatoshi. Tena na akumbuke kwamba shali yake itakuwa nzito kuliko ya kielelezo, na kitu kizito huvuta chini na kurefuka. Akipenda, apunguze safu chache.

Kwa aliyekosa uzi mnene akapata mwembamba, kuna njia ya kufuma kwa nyuzi mbili pamoja. Njia hiyo ni nzuri, hata huwezesha kuchanganya rangi mbili zikatoa ya tatu, ila asisahau kwamba kila mmoja wa nyuzi hizo mbili utatumika kwa urefu wote, basi mita atakazonunua ni maradufu.

Uzi usio na lebo

Masokoni uzi aghalabu huuzwa bila karatasi ya maelezo, na wako wafumaji hodari wanaonunua sweta za mitumba wakazifumua kwa ajili ya uzi wake. Kuutambua uzi wa namna hiyo kuna taratibu zake. Ili kujua unene, uzi wa kielelezo na uzi mgeni hukunjwa kila mmoja, kikunjo kimoja kikapitishwa ndani ya kingine, kisha pande zote mbili zikasokotwa na kidole kikapitishwa juu ya maungio: unene ukitofautiana kidole hukwama, ukilingana hupita kwa wepesi. Ili kujua asili, kipande kifupi hushikwa kwa koleo na kuchomwa juu ya bakuli la maji. Pamba na mkonge huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na moto ukiondolewa huzimika. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mkali na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Sweta ya kufumuliwa hutazamwa kwanza mishono yake ya ndani. Ikiwa vipande vyake vimefumwa kwa umbo na kuunganishwa kwa uzi wa mnyororo, uzi utatoka mrefu bila kukatika. Ikiwa kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzuiwa kwa cherehani, kila safu itatoka kipande kimoja kifupi, na mnunuzi hatapata ila mafundo. Sufu iliyokwisha kusinyaa nayo isinunuliwe, maana haifumuki tena. Uzi uliofumuliwa huzungushwa juu ya mgongo wa kiti, hufungwa mahali pachache, huoshwa, kisha huanikwa na kitu kizito kidogo chini yake ili mikunjo itoke. Ukifumwa na mikunjo yake hudanganya kipimo.

Kipande cha kujaribia

Haya yote hayatoshi mpaka mkono ushuhudie. Kipande cha mraba wa sentimita 15 hufumwa kwa kulabu iliyokusudiwa, na mishono ikahesabiwa katika sentimita 10 za kati. Kielelezo kikisema mishono 20 na fundi akapata 18, tofauti hiyo, ambayo machoni ni ndogo, itaifanya shali ya mishono 200 kuwa na upana wa sentimita 111 badala ya 100, na uzi utakwisha kabla ya kazi. Dawa yake ni kubadili kulabu: mishono ikiwa michache, kulabu iwe nyembamba zaidi, ikiwa mingi, iwe nene zaidi. Endapo hata hivyo kipande kimekuwa kigumu au kimelegea kama wavu, uzi huo haukuwa badala ya haki, na hasara ni ya jioni moja tu.

Kipande hicho sharti kioshwe kabla ya kuhukumiwa, na kioshwe kwa namna ile ile kitu chenyewe kitakavyooshwa. Pwani yetu ilijifunza somo hili katika biashara ya nguo. Karne ya kumi na tisa watu wa Afrika ya Mashariki, pamoja na wafanyabiashara wa Kikamba waliopeleka pembe Mombasa, waliithamini merikani, nguo ya pamba iliyoletwa Unguja na merikebu za Salem huko Massachusetts; navyo viwanda vya Uingereza vikajaribu kuiigiza kwa nguo iliyojazwa wanga, nzito mkononi siku ya kununuliwa, ikawa nyepesi ikishaoshwa. Wanunuzi waliitambua wakaikataa. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza merikani ya asili ndipo nguo za Uingereza na Bombay zilipopata nafasi, kwa kuwa soko lilikosa budi. Lakini macho ya wanunuzi yalibaki kuwa makali. Uzi wa dukani nao huweza kuwa na ukakamavu usio wake, au rangi isiyokaa. Na ni afadhali maji yaseme kweli juu ya kipande kuliko juu ya kazi nzima.

Baada ya kukauka, kipande kipitishiwe pasi ikiwa kitu chenyewe kitapigwa pasi. Pamba itanyooka na kupendeza; akriliki ikiguswa na pasi ya makaa italala, iwe laini ya kuteleza, na hairudi tena kuwa ilivyokuwa. Na kabla ya kuondoka dukani, fundi ahakikishe madonge yote yana namba moja ya mkupuo wa rangi, kwa kuwa rangi mbili zilizotiwa siku mbalimbali hufanana kivulini na kutofautiana juani. Akishindwa kupata mkupuo mmoja, azipishanishe safu, moja ya donge hili na moja ya lile, ili tofauti ienee kazi nzima na jicho lisiione.

Daftari la kikundi

Mwethya, ule mkusanyiko wa Wakamba wa kusaidiana kazi kwa zamu, umejenga matuta ya mashamba juu ya miteremko ya Mbooni, na vikundi vya wanawake vilivyofuata desturi hiyo vimefuma na kuuza pamoja kwa miaka mingi. Ombi langu kwao ni jepesi, nalo halihitaji fedha ya mfadhili: kila kikundi kiwe na daftari moja, na kila uzi unaojaribiwa na mwanachama ushonewe humo kipande chake kidogo, kabla na baada ya kuoshwa, pamoja na duka ulikonunuliwa, bei, uzani, mita, kulabu iliyotumika, na kazi iliyofaa au isiyofaa. Baada ya misimu michache kikundi hicho hakitahitaji kuamini neno la mwenye duka wala la mwandishi wa gazeti. Kitakuwa na ushahidi wake, kilioupata kwa mikono yake, katika baridi ya kwao na joto la kwao. Bei ya kitambaa nayo itapangwa kwa haki, kwa sababu mita na saa zitakuwa zimeandikwa, na mnunuzi anayetaka kupunguziwa ataonyeshwa hesabu.

Walimu wa vyuo vya ufundi wa Makueni na Kitui wangefanya hisani kubwa lau wangeyafanya madaftari hayo kuwa kitabu cha kwanza cha wanafunzi wao wa ufumaji. Maarifa ya mabibi waliojua ganda lipi la mti lifaalo kamba na lipi lifaalo kiondo yalikaa vichwani, na kila bibi alipofariki sehemu yake ilizikwa pamoja naye; ya kwetu tunaweza kuyaandika, na hatuna udhuru wa kuyaacha yapotee. Anayetaka kuanza leo na achukue kipande cha uzi alicho nacho nyumbani, akipime, akifume, akioshe, na akiandike.